Sambar na ile hadithi ya mtoto wa mfalme kuingia jikoni

Mara ya kwanza napika sambar nyumbani, bibi yangu aliinuka alikolala akaja mpaka mlangoni mwa jiko akauliza, "Nani kapandisha pepo humu ndani?" Harufu ya mvuje ile, ule utomvu mkavu unaonuka kweli kweli. Kwetu Tanga mvuje unafungwa kwenye kitambaa anavishwa mtoto mchanga asipate kijicho, sasa wewe unautia kwenye sufuria ya chakula lazima mtu mzima ashtuke. Na kweli nilizidisha, maana ule unatakiwa kiasi cha kubana na kucha tu, mi nikaweka kama chumvi.

Kwa asiyeijua, sambar ni mchuzi wa Wahindi wa kusini, Tamil Nadu, Karnataka, Kerala huko. Mbaazi zilizokobolewa na kupasuliwa, wenyewe wanaziita toor dal, unazichemsha mpaka zivurugike kabisa, unatia maji ya ukwaju na mboga, biringanya, bamia, na hasa yale maganda marefu ya mlonge ambayo unayatafuna unanyonya nyama ya ndani unatema kamba, halafu viungo vilivyosagwa, giligilani, uwatu, pilipili kavu, mwisho unachemsha mafuta pembeni unarushia haradali na majani ya kari, zikianza kupasuka unamwagia juu, chwaaa. Usifananishe na dali za Wagujarati tulizozoea huku, zile mara nyingi zina utamu wa sukari guru, hii ni kali na chachu.

Sasa ukiuliza imetoka wapi utapewa hadithi moja tu. Eti kwenye jumba la Thanjavur, zama za Shahuji wa kwanza aliyeshika kiti mwaka 1684, mtawala wa Kimaratha, watu wa magharibi ya India, katikati ya nchi ya Watamil, siku hiyo kokum imeisha. Kokum ni tunda chachu la pwani ya magharibi, Wamaratha wanachachulia nalo dali yao inayoitwa amti. Basi wakatia ukwaju badala yake, na kwa kuwa mgeni wa siku hiyo alikuwa Sambhaji, mtoto wa Shivaji, yule mfalme aliyeanzisha dola ya Wamaratha, na binamu yake Shahuji, chakula kikapewa jina lake. Wengine wanasema Shahuji mwenyewe ndo alishika mwiko.

Hadithi tamu, mi siiamini. Kwanza huyo Sambhaji alitawala 1681 mpaka 1689, miaka yote hiyo yuko vitani na Aurangzeb, mfalme wa Wamughal waliotawala kaskazini ya India, na Aurangzeb ndo aliyemkamata akamuua, sasa hiyo nafasi ya kwenda kula kwa binamu kusini kote kule aliipata lini? Pili, Watamil na ukwaju ni kama sisi na nazi. Uniambie walikaa na dali upande huu na ukwaju upande huu wakisubiri mtoto wa mfalme aishiwe kokum ndo waunganishe? Ninachokiona mimi ni kile kile cha kila mahali, kina mama wanapika miaka na miaka, siku chakula kikipata jina kubwa anatafutwa mwanaume mwenye taji wa kupewa.

Ukitaka asili ya sambar chungulia sufuriani. Ukwaju ni mti wa Afrika, ulifika India zamani sana mpaka Waarabu wakauita tamr hindi, tende ya Kihindi, yani mtoto wetu kaenda kukaa ugenini akapewa na uraia. Mbaazi zimekwenda njia ya kinyume, asili yake India zikaja kwetu, sisi tukazitia tui tukala na mahamri tukasahau kama zilikuwa ngeni. Pilipili ndo imetoka mbali kuliko zote, Amerika, ililetwa na Wareno baada ya Vasco da Gama kufika Calicut mwaka 1498, na si unakumbuka rubani wa kumvusha bahari alimpata wapi? Malindi hapo.

Na safari ya mbaazi haijaisha. Wahindi wanalima mbaazi kuliko nchi yoyote duniani na bado haziwatoshi, kwa hiyo za kwetu zinapanda meli. Agosti 2017 serikali yao ikaweka kikomo, tani 200,000 tu kwa mwaka kutoka nje, na waulize wakulima wa Mtwara, Lindi na Manyara bei ilivyoanguka, watu walibaki na magunia ndani yanawatazama. Ndo maana mtu akiniambia sambar ni chakula cha Wahindi hakituhusu nacheka, wao wakipunguza kununua Babati wanalia.

Mara ya pili nilipunguza mvuje. Dosa, ile chapati yao nyembamba ya mchele wanayochovya kwenye sambar, sikuwa nayo, nikachukua mkate wa kumimina, si unga wa mchele uliochachuka vile vile, ukaingia kama umezaliwa nao. Bibi akachovya kidogo, akanyamaza, akachovya tena. "Mbaazi hizi?" Nikamwambia ndio bibi. Akasema zingekuwa na tui zingekuwa chakula, halafu akasogeza bakuli upande wake.