Bach alikuwa mwalimu wa kwaya

Ndugu zangu wakisikia kwamba jioni nasikiliza Bach, yule mtunzi wa muziki wa Kijerumani wa zamani, husema Ulaya imeniharibu. Wengine husema nimezeeka, na hilo la pili silikatai sana.

Miaka ya mwanzo hapa Leipzig, Ujerumani, muziki huu ulinichosha, na nadhani najua kwa nini. Sisi tumelelewa tukijua kwamba wimbo ni maneno. Ikipigwa taarab tunataka kujua kijembe kinamwendea nani. Kwaya ikiimba tunafuata ujumbe. Huku unawekewa sello, ile fidla kubwa ya sauti nzito, peke yake, hakuna ngoma, hakuna mwimbaji. Unasubiri mtu aanze kuimba, haanzi, na kipande kimeisha.

Nilikuja kuuzoea kwenye zamu za usiku. Nafanya kazi katika nyumba ya wazee, na baadhi yao hulala redio ikipiga muziki huo kwa sauti ya chini. Mimi napita chumba hadi chumba, wala sina nia ya kusikiliza, lakini unaniingia. Siku moja nikajikuta naujua utangulizi wa suti (mfululizo wa vipande) ya kwanza kati ya zile sita za sello alizotunga Bach: najua hapa utapanda, hapa utatulia. Kwa hiyo anayetaka kuanza namshauri achukue chombo kimoja na kipande kimoja, akirudie mpaka akizoee. Okestra nzima aiache kwanza, maana ni kuingia Kariakoo mkesha wa Idi.

Halafu hii dhana kwamba ni muziki wa matajiri. Bach alifika hapa mwaka 1723, akakaa hadi alipofariki mwaka 1750. Alikuwa mwajiriwa wa mji: afundishe wavulana wa shule ya Mtakatifu Thomas, na ahakikishe makanisa yana muziki ibadani. Mwaka 1730 alimwandikia rafiki yake akilalamika kwamba hewa ya Leipzig ikiwa nzuri watu hawafi, na pato lake la muziki wa mazishi linapungua. Walimu wa kwaya wa Machame, kule Kilimanjaro, wangemwelewa mara moja.

Na Machame siitaji kwa bahati tu. Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893, wakaja na nyimbo zao na baadaye matarumbeta. Ndiyo maana nilipoingia kanisa la Mtakatifu Thomas Ijumaa jioni, kwaya ya wavulana ikiimba, baadhi ya tuni nilizijua tangu usharikani kwetu. Nimesafiri mbali kote huko kwenda kusikia nyimbo za bibi!

Kitu kimoja Wajerumani wametuzidi: wanajua kunyamaza. Kwenye tamasha hata kikohozi wanakibana mpaka kipande kiishe. Mimi bado hunijia hamu ya kupiga kigelegele, na naona wao ndio wanaokosa utamu. Lakini nyumbani tumevuka mpaka upande wa pili. Matarumbeta yale hayakuhitaji umeme, na ukiyasikia asubuhi kutoka migombani moyo ulitulia. Siku hizi kuna kinanda kimerekodiwa mdundo, na spika zinazotetemesha mabati hata wakati wa sala ya toba.

Nimemwambia mama kwamba nikija Desemba nitawaomba wazee wa kanisa wazizime spika, walau Jumapili moja. Akacheka sana. Spika zile zilinunuliwa kwa harambee, akasema, na mwenyekiti wa harambee alikuwa yeye.