Nani ana haki ya kutokuja kwenye hafla ya ofisi?

Matangazo mengi ya hafla za ofisini hubeba sentensi mbili zisizopatana. Ya kwanza husema ushiriki ni wa hiari. Ya pili husema uongozi unatarajia kuwaona wote. Mfanyakazi mzoefu huisoma ya pili tu, kisha anaanza kutafuta nguo ya kuvaa. Ubishi kuhusu matembezi ya pamoja, tafrija za mwisho wa mwaka na mbio za hisani huanzia hapo. Wanaozitetea huwa wanamfikiria aliyekuja kwa kupenda. Wanaozilaumu wanamfikiria aliyekuja kwa kuogopa. Wote wanasema kweli, ila hawamzungumzii mtu mmoja.

Nianze na watetezi, maana mara nyingi wanapuuzwa kama watu wa kupenda makelele. Watu wanaweza kukaa jengo moja kwa miaka wakajuana kwa sahihi za barua pepe tu. Siku ya matembezi, mhasibu anagundua kwamba yule wa stoo aliyedhani ana kiburi ni mcheshi kuliko wote, na wiki inayofuata fomu iliyokuwa ikikaa siku nne inapita asubuhi moja. Mwili nao una habari zake. Mwaka 2010 watafiti wa Oxford walichapisha jaribio dogo walilowafanyia wapiga makasia wa chuo chao: walifanya mazoezi kila mmoja peke yake, kisha kwa pamoja kama timu, kwa juhudi ileile. Walipofanya pamoja, uwezo wao wa kuvumilia maumivu baada ya zoezi ulipanda zaidi, na watafiti wakahusisha hali hiyo na endofini, kemikali ambazo mwili hutoa kujituliza. Ni jaribio la watu wachache, lakini linaafikiana na jambo ambalo kila aliyewahi kukimbia na wenzake analijua: kilima ni kilekile, miguu ndiyo hubadilika.

Hoja yao ya pili ni hisani, na hapa wana mifano mizito. Mwaka 1980 kijana wa Kanada, Terry Fox, aliyekuwa amekatwa mguu mmoja kwa sababu ya saratani, alianza kukimbia kuivuka nchi yake akichangisha fedha za utafiti wa ugonjwa huo. Alikimbia siku 143, kilomita 5,373, kabla saratani kurejea mapafuni na kumsimamisha. Alifariki mwaka uliofuata, na mbio zenye jina lake zinaendelea hadi leo.

Mkosoaji ana swali lake la kejeli: kama nia ni kusaidia, kwa nini mtu asitoe tu fedha, akabaki nyumbani? Swali zuri, na jibu lake linashangaza kidogo. Christopher Olivola na Eldar Shafir walionyesha katika utafiti wao wa mwaka 2013 kwamba watu huwa tayari kuchangia zaidi pale uchangiaji wenyewe unapohusisha taabu, kuliko pale unapohusisha starehe. Jasho linaipa sadaka maana. Isitoshe, anayekimbia hutoa sababu ya kuwagongea milango watu ambao wasingeombwa kabisa. Fedha inayopatikana hapo si ileile ambayo ingetolewa kimyakimya. Sehemu kubwa isingekuwapo.

Lakini taabu inaweza kuzidi sadaka. Mwaka 1999 madaktari wa eneo la Tayside, Scotland, walichapisha hesabu ya miaka mitano ya watu waliojeruhiwa wakiruka na parachuti, wengi wao wakiruka kwa mara ya kwanza ili kuchangisha fedha za hisani. Kwa kila pauni 1 iliyochangishwa na warukaji hao, huduma ya afya ya umma ilikuwa imetumia pauni 13.75 kuwatibu. Ningependa hesabu hiyo ibandikwe kwenye kila ofisi inayopanga changamoto ya kutisha kuliko ya mwaka jana. Kutembea kilomita tano hakupendezi sana kwenye picha, lakini hakuvunji mtu nyonga.

Waajiri wengine hawataki hata hisani; wanataka afya. Wanaanzisha mashindano ya hatua, kila mtu na kifaa mkononi, lengo hatua 10,000 kwa siku. Namba hiyo yenyewe ilipata umaarufu kutokana na kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, haikutoka hospitali. Utafiti mmoja wa mwaka 2019 kuhusu wanawake wenye umri wa wastani wa miaka 72 uliona kwamba uhusiano kati ya hatua nyingi na vifo vichache ulifikia kikomo kwenye hatua kama 7,500. Kubwa zaidi ni jaribio la Chuo Kikuu cha Illinois, ambako wafanyakazi karibu 5,000 waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakipewa nafasi ya kujiunga na mpango wa afya kazini na wengine wakinyimwa. Matokeo yaliyotoka mwaka 2019 hayakuonyesha mabadiliko ya maana katika gharama zao za matibabu wala katika utoro. Waliojitokeza kujiunga walikuwa tangu mwanzo na gharama ndogo za matibabu na tabia bora za kiafya. Kwa maneno mengine, bonanza la ofisi huwakusanya wenye afya, kisha huwahesabu kama ushahidi kwamba bonanza linaleta afya.

Mwaka 2024 William Fleming wa Oxford alichapisha uchambuzi wa majibu ya wafanyakazi 46,336 nchini Uingereza. Walioshiriki mipango ya kumsaidia mfanyakazi mmojammoja, kama mafunzo ya kukabili msongo na programu za simu za ustawi, hawakuwa na hali bora kuliko wasioshiriki. Kitu kimoja kilijitenga na hivyo vingine: nafasi ya kujitolea na kufanya kazi za hisani. Sitaki kukipa uzito kupita kiasi, kwa sababu huenda wanaopenda kujitolea ni watu wenye furaha tayari. Hata hivyo kinaniegemeza upande mmoja. Mbio za hisani zina mtu wa tatu, mgonjwa au mtoto asiye na habari na siasa za ofisi, na macho ya wote yanamwelekea yeye. Tafrija haina huyo mtu. Macho yanaishia kwa bosi.

Na bosi haachi cheo mlangoni. Mwishoni mwa mwaka 2011, baada ya sherehe ya Krismasi ya kampuni moja ya Uingereza, unywaji uliendelea hotelini. Mkurugenzi mtendaji akaanza kuwahutubia wafanyakazi kwamba yeye ndiye mwenye kuamua, kisha akampiga ngumi meneja wa mauzo na kumsababishia jeraha la ubongo. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba kampuni inawajibika, kwa kuwa wakati ule mkurugenzi alikuwa akitumia mamlaka yake ya kazini. Ufaransa nako, Novemba 2022, mahakama ya juu ya mashauri hayo ilimpa ushindi mshauri aliyefukuzwa kazi mwaka 2015, ambaye miongoni mwa makosa aliyodaiwa ni kukataa utamaduni wa "raha" wa kampuni yake, ukiwa na karamu za pombe nyingi. Kukataa kwake kulihesabiwa kuwa uhuru wa maoni.

Hukumu hizi mbili zinasema jambo moja kutoka pande mbili: tafrija ya ofisi ni kazi. Kama ni kazi, basi ifanyike saa za kazi, si Jumamosi ya mama mwenye mtoto mchanga. Asiyekunywa asiulizwe sababu. Orodha ya waliochangia mbio isibandikwe ukutani wala kwenye kundi la WhatsApp, kwa sababu mhudumu akiona meneja ameandika kiasi kikubwa, hiari yashinda utumwa inabaki kuwa methali tu. Mratibu naye asiwe yule anayeandika tathmini za mwaka. Hapo ndipo wakosoaji wana haki kabisa, na watetezi wakikubali hayo hawapotezi chochote walichokuwa wakikitetea.

Matembezi ya marafiki hayahitaji kanuni hizi. Rafiki akikataa mwaliko, anatukanwa kwa mapenzi na mambo yanaisha.

Kinachonitatiza bado ni ofisi ndogo. Penye watu mia mbili, asiyekuja hajulikani. Penye watano, kiti chake kinaonekana usiku kucha, na hakuna kanuni inayoweza kukificha. Kwa ofisi za namna hiyo ningefunga mlango saa nane mchana siku ile, kila mtu akalipwa kama kawaida na kwenda anakotaka. Wanaopendana watatafutana wenyewe.