Soma bomba kabla ya kusoma namba

Kwetu mnunuzi wa pikipiki iliyotumika anaomba kadi, anapiga magoti, analinganisha namba ya chesisi na ya injini na zile zilizoandikwa kwenye kadi. Zikikubali, mnaanza kuongea bei. Kwa Boxer ya juzijuzi utaratibu huo unatosha. Kwa BSA Gold Star ya miaka ya 1950 hautoshi hata kidogo, na wapenzi wa pikipiki za zamani wanaoanza kuzitafuta Uingereza wanapigwa kwa sababu hiyo hiyo: wanaamini namba na hawaangalii chuma.

Tuanze na namba zenyewe. Kwenye Gold Star, namba ya fremu kuwa sawa na namba ya injini ni dalili mbaya. Kiwanda cha BSA pale Small Heath, Birmingham, kiliziandikisha fremu kwa mfululizo wake na injini kwa mfululizo wake, na wala hakikujali kuzioanisha. Muuzaji anayejisifu kwamba mashine yake ya 1957 ina "namba zinazofanana" ama haijui mashine yake, ama kuna mtu alizigonga upya akijua wanunuzi wanapenda kusikia neno hilo. Halafu kuna herufi. Injini ya cc 500 iliyotengenezwa kuanzia 1956 hadi 1963 huanza na DBD34GS, lakini fremu yake huanza na CB32. Mgeni akiona 34 huku na 32 kule anadhani fremu imetoka kwenye pikipiki ya cc 350. Sivyo. Ya 350 na ya 500 zilitumia fremu moja, na CB32 ndiyo sahihi kwa zote mbili.

Sasa weka karatasi pembeni, uiname upande wa kulia wa pikipiki, ufuate kwa macho bomba la fremu la chini kabisa linalopita kwenye injini. Kwenye Gold Star yenye mkono wa nyuma unaocheza, bomba hilo halikunyooka. Likifika kwenye pampu ya oili limepindwa kwa makusudi, ili pampu ipate nafasi. Lipapase. Mpindo wa kiwandani ni mlaini, na bomba linabaki la mviringo mwanzo hadi mwisho. Mpindo wa nyundo unaacha bapa ambalo kidole kinalijua hata kama rangi imelificha. Fremu za B31 na B33, pikipiki za kawaida za watu wa kwenda kazini zilizotoka kiwanda hichohicho, zinafanana sana na ya Gold Star, lakini hazina mpindo huo. Ndiyo maana nyingi zimevalishwa tangi la Gold Star na usukani wa chini zikauzwa kwa jina lisilo lao.

Siku hizi wapo mafundi wanaotengeneza fremu mpya zenye mpindo. Kwa hiyo mpindo ukiwepo haujathibitisha lolote. Usipokuwepo, jibu umelipata. Isipokuwa, na hapa wengi wanachanganyikiwa, kwa Rocket Gold Star ya cc 650 ya 1962 na 1963. Hiyo ni ya silinda mbili, na fremu yake halali haina mpindo. Namba yake huanza na A10. Injini yake ni DA10R, herufi zilezile za Super Rocket, pikipiki nyingine ya BSA ya cc 650, na Super Rocket ndiyo malighafi ya changa la macho kwenye aina hii. Fremu ya GA7 chini ya jina la Rocket Gold Star ni Super Rocket iliyobadilishwa nguo.

Wa kuamua mabishano yote haya ni kitabu cha kiwanda. Vintage Motor Cycle Club, chama kilichoanzishwa 1946 na chenye makao yake Burton upon Trent, kinatunza daftari za BSA na Triumph zinazoonyesha injini ipi ilitoka na fremu ipi. Muuzaji wa mashine ya bei kubwa asiyetaka uwaandikie, mwache na mashine yake.

Foku, yaani miguu ya mbele inayoshika gurudumu, zina ugumu wake. BSA walitumia muundo mmoja wa foku kwenye pikipiki nyingi, kwa hiyo kwa mbali zote ni sawa. Tazama mguu wa chini, pale sahani ya breki inaposhikwa. Dramu za BSA zilikuwa za aina kadhaa, na Gold Star ya mashindano iliweza kuagizwa na ile pana ya milimita 190. Kila dramu linahitaji mguu wenye sikio lake. Ukiona washa zimepangwa tatu tatu ili sahani ikae, au sikio limesagwa kwa grinda, mguu huo ni wa pikipiki nyingine. Hapo sizungumzii thamani tena. Sikio likikatika ukiwa umeshika breki, sahani inazunguka na gurudumu na tairi la mbele linaganda.

Triumph ni rahisi zaidi kusoma. Zenyewe namba za fremu na injini zilifanana kutoka kiwandani. Bonneville ya 1959 ina bomba moja la fremu mbele, ya 1960 ina mawili, na 1963 likarudi moja pamoja na injini iliyounganishwa na giaboksi. Mwaka 1964 springi za foku zikahamia nje ya mabomba ya ndani, na 1971 oili ikaanza kukaa ndani ya fremu. Kuanzia 1969 sehemu ya kugongea namba kwenye injini ilitiwa vijialama vidogo vya jina la Triumph. Mtu akiisaga ili agonge upya, vijialama vinaondoka navyo.

Norton ndiyo inayoniuma. Fremu yao ya Featherbed, kazi ya ndugu wawili McCandless wa Belfast, iliingia mashindanoni 1950. Madereva wa magari madogo ya mbio ya cc 500 waliitaka injini ya Manx, pikipiki ya mashindano ya Norton, lakini Norton hawakuuza injini peke yake, kwa hiyo watu walinunua pikipiki nzima, wakatoa injini na kuacha fremu. Fremu hizo zikapata injini za Triumph, ndiyo Triton. Sina neno baya juu ya Triton. Ni mashine ya heshima, na mjenzi wake hakumficha mtu kitu: injini inasema Triumph, fremu inasema Norton.

Ninachokipinga ni kugonga namba upya, hata kwa nia ya "kurudisha uhalisi". Injini ya Gold Star ndani ya fremu ya B33 ni pikipiki nzuri ya kuendesha. Iandikwe hivyo kwenye tangazo, iuzwe kwa bei hiyo, na namba zake ziachwe zilivyo, ili mwenye CB32 isiyo na injini, popote alipo, aweze siku moja kuitafuta injini yake kwa kitabu cha kiwanda na kuipata.