Fidla moja, mitindo mingi: mwanafunzi wa Unguja aanzie wapi?

Hapa Unguja fidla ina nyumba mbili za zamani. Ya kwanza ni taarab ya vikundi vikubwa, kama Nadi Ikhwan Safaa kilichoanzishwa mwaka 1905 na Culture Musical Club cha mwaka 1958, ambamo safu ya wapigaji huvuta upinde kwa pamoja na kumjibu mwimbaji kwa sauti moja. Ya pili ni kidumbaki, ambapo fidla husimama peke yake mbele ya vigoma viwili vya udongo, sanduku (besi ya uzi uliofungwa kwenye boksi), cherewa (kayamba) na mkwasa (vijiti vya kugonganisha), na mpigaji huunganisha nyimbo papo hapo huku akiwatazama wachezaji. Chuo cha muziki cha Dhow Countries Music Academy (DCMA) kilipofunguliwa Mji Mkongwe mwaka 2002, kilizikusanya nyumba hizo chini ya paa moja na nota, mazoezi ya vidole na muziki wa jazi. Tangu hapo limekuwapo swali ambalo walimu hawajalimaliza: je, anayeanza afundishwe mitindo kadhaa kwa pamoja, kwa njia ya ubunifu, au ashikishwe mmoja mpaka mkono utulie?

Wanaotaka mtindo mmoja wana hoja nzito, na nzito zaidi ni ile ya sikio. Katika Rasti, mojawapo ya ngazi za sauti za Kiarabu zinazotumika katika taarab, sauti ya tatu haiwi Mi wala Mi iliyoshushwa nusu, hukaa katikati. Fidla inaweza kuipata kwa sababu shingo yake haina vizuizi kama vya gitaa, lakini ni kidole kilichozoea ndicho kinachojua mahali pake. Mtoto aliyebandikiwa vipande vya utepe kwenye shingo ya fidla ili ajue pa kubonyeza, akakaa navyo miaka miwili, huisikia Rasti kama kosa, na humlaumu mzee anayempigia kwamba amepotea sauti. Ila hoja hii hukata pande zote mbili, kwani mtindo mmoja ukiwa ni ule wa utepe, basi sikio limefungwa mapema zaidi kuliko kama mtoto angechanganyiwa. Na tusijidanganye kwamba taarab yenyewe imekuwa safi siku zote: kodiani haina robo ya sauti, na fidla ikikaa karibu nayo hulazimika kuifuata.

Upande wa pili husema kwamba fidla haijawahi kuwa na mwenyewe mmoja. Ilipofika India ya Kusini mikononi mwa Wazungu, wapigaji wa huko walikaa chini, wakaegemeza kichwa chake mguuni na kubadilisha ulinganishaji wa nyuzi, bila kumwomba mtu ruhusa. Wapigaji wengi wa Kiarabu hushusha nyuzi mbili za juu, kwa hiyo badala ya mpangilio wa kawaida wa Sol, Re, La, Mi wanapata Sol, Re, Sol, Re, na wimbo uliopigwa chini hurudiwa juu kwa vidole vilevile. Huko Ufaransa, Stéphane Grappelli alijijengea jina katika jazi tangu kundi alilopiga na Django Reinhardt miaka ya 1930. Yehudi Menuhin, mmoja wa mabingwa wakubwa wa muziki wa Kizungu, alipokuja kurekodi naye miaka ya 1970, aliandikiwa sehemu zake kwenye karatasi huku mwenzake akibuni. Mfano huo naupenda, kwa sababu unaonesha kwamba umahiri wa kusoma hauzai wenyewe uwezo wa kubuni.

Hata hivyo, neno ubunifu hutumiwa ovyo. Wapo wanaodhani maana yake ni kila mtu kupiga alichojisikia. Asikilizaye kidumbaki kwa makini ataona kinyume chake: mpigaji huchukua nyimbo zinazojulikana, hupandisha kasi kidogo kidogo, humwachia mwimbaji nafasi, na akikosea pa kuingilia, ngoma humwacha. Hiyo ni sheria, ingawa haikuandikwa popote.

Kwa maoni yangu, mtoto aanzie sikioni: auimbe wimbo, kisha autafute kwenye nyuzi, bila utepe, akianzia nyimbo za taarab na kidumbaki anazozisikia harusini. Hata njia ya Shinichi Suzuki wa Japani, inayosifiwa kwa nidhamu, humtanguliza mtoto kusikiliza kabla ya kusoma. Nota zije mwaka wa pili, na zije kweli, kwa sababu bashrafu, yaani vipande vya ala visivyoimbwa, ni ndefu, na mzee anayezihifadhi kichwani akiondoka huondoka nazo.

Ugumu utakuwa kwenye mtihani. Kupima ngazi za sauti na wimbo uliosomwa ni rahisi. Kumpima mwanafunzi anavyomjibu mwimbaji kunataka mwimbaji awepo chumbani, na mtahini anayejua jibu zuri ni lipi. Upo pia ugumu mdogo wa nyuzi, kwani kuzipandisha na kuzishusha kila kipindi huzichosha na kuzikata, nazo huagizwa kutoka nje. Dawa yake si ghali sana: darasani zitundikwe fidla mbili, moja ya Sol, Re, La, Mi na nyingine ya Sol, Re, Sol, Re, na mwanafunzi asiambiwe ipi ni ya somo na ipi ni ya mchezo.