Mguu wa baba mdogo na mguu wangu

Kila nikipiga simu nyumbani Moshi, baba mdogo ananijibu vilevile. Shikamoo. Marahaba, mwanangu. Mguu je? "Hamna neno, tunamshukuru Mungu." Mguu huo naujua. Mwaka 2022 nilikuwa nyumbani kwa likizo, tumekaa jikoni tunaota moto, unyayo wake ukagusa kaa. Hakushtuka. Sisi ndio tulioshtuka, kwa harufu ya ngozi inayoungua.

Mimi na yeye tumeumia sehemu moja, kiunoni, kwenye mshipa mkubwa wa fahamu unaoshuka mpaka mguuni, ule ambao madaktari wanauita siatiki. Wote wawili tumeumia tukiwa tumevaa gwanda. Yeye aliitwa mwishoni mwa 1978 akiwa mgambo, baada ya Mwalimu kutangaza redioni kwamba uwezo, sababu na nia ya kumpiga Amin tunavyo. Mimi niliondoka Kiborloni kwa green card ya bahati nasibu, na miaka michache baadaye nikajiunga na jeshi la Marekani. Si lazima uwe raia, ukaazi wa kudumu unatosha. Leo mguu wangu unalipwa kila mwezi. Wake haujawahi kulipwa hata shilingi.

Watu nyumbani wakisikia hivyo wanasema Wamarekani wana pesa. Ni kweli wanazo, lakini pesa peke yake isingenifikia. Nataka nieleze jinsi ilivyokuwa, maana kuna jambo humo ambalo nimelibeba moyoni muda mrefu.

Kule Marekani ulemavu wa mwanajeshi unapimwa kwa asilimia, kumi kumi, kuanzia sifuri hadi 100, na malipo yanafuata asilimia hiyo. Mshipa huu una ngazi zake zilizoandikwa kwenye kanuni: ukiwa umedhurika kidogo ni 10, wastani ni 20, zaidi ya wastani 40, vibaya hadi misuli imekonda 60, na ukipooza kabisa 80. Halafu kuna sharti ambalo wengi hawalijui. Kama shida yako ni ya hisia tu, yaani ganzi, kuwaka moto na kuchomwa sindano, huwezi kupanda juu ya wastani hata kama hulali usiku. Lazima ionekane kwamba na misuli imelegea.

Siku ya kupimwa, daktari aliniuliza naendeleaje. Nikajibu kama mama alivyonilea: nzuri tu. Akaniambia nitembee. Nikajikaza, nikatembea wima kama niko kwenye gwaride, jasho linanitoka. Aliandika alichokiona na kukisikia: hafifu. Nikapewa 10. Simlaumu. Sisi tumelelewa hivyo. Hata aliyelazwa akiulizwa hali anasema hajambo kidogo, ndipo baadaye sana unasikia kwamba alikuwa hajala siku tatu. Kwetu huo ni ustaarabu, na bado naupenda. Lakini kwenye faili unageuka kuwa ushahidi dhidi yako.

Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja aliyepigana Vietnam, ambaye sasa kazi yake ni kusaidia wenzake na madai, bila kuwatoza hata senti. Hakuniuliza naendeleaje. Aliniuliza, "Siku yako mbaya kabisa inakuwaje?" Nilikaa kimya muda mrefu. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo, na sikuwa na maneno yake, si kwa Kiingereza wala kwa Kiswahili.

Alinieleza njia za rufaa. Tangu Februari 2019 ziko tatu: unaweza kuleta ushahidi mpya, au kuomba afisa wa juu alitazame upya faili lilelile bila kuongeza kitu, au kwenda kwa jaji wa Bodi ya Rufaa. Jaji naye akikukatalia, ipo mahakama, nayo inakupa siku 120 za kukata rufaa. Kubwa kuliko yote ni mwaka mmoja. Ukikata rufaa kabla mwaka haujaisha tangu barua ya uamuzi, tarehe yako ya mwanzo haipotei, na ukishinda unalipwa kuanzia kule nyuma. Kipo pia kipengele kilichonigusa sana: ushahidi wa pande mbili ukilingana uzito, shaka inakwenda kwa mwanajeshi. Imo kwenye sheria, haitegemei moyo wa karani.

Nilichagua ushahidi mpya. Nikapimwa kwa kile kipimo cha umeme cha mishipa ya fahamu, nguvu ya mguu ikapimwa kwa namba, na paja la kulia likaonekana jembamba kuliko la kushoto. Daktari akaandika barua ya kuunganisha ugonjwa huu na ile siku niliyoanguka na mzigo mazoezini, siku ambayo kwa bahati iliandikwa kwenye kumbukumbu za zahanati ya kambi.

Mwisho ikaja karatasi ya mke wangu. Sheria inaruhusu mtu wa karibu aandike anachokiona. Yeye ni wa Ngaramtoni, si mtu wa maneno mengi. Aliandika kwamba ninashuka ngazi kwa kurudi kinyumenyume watoto wakiwa hawapo, kwamba nimeacha kumbeba mdogo, kwamba saa nane usiku nakaa ukingoni mwa bafu mguu ukiwa kwenye maji baridi nikidhani amelala. Niliisoma mara moja tu. Miaka yote hiyo nilijua nimeficha. Uamuzi uliofuata ulikuwa 40.

Sasa nirudi kwa baba mdogo. Lori lao lilipinduka kabla ya kufika Masaka, mji wa Uganda ulioangukia mikononi mwa jeshi letu Februari 1979. Hakuna aliyekuwa na muda wa kuandika kiuno cha mgambo mmoja. Mwezi uliofuata Waganda waliokuwa uhamishoni walikutana hapahapa Moshi wakaunda UNLF, umoja wa vikundi vilivyompinga Amin, na mji wetu ukaingia kwenye historia ya vita ile. Baba mdogo alirudi kwenye kihamba chake, shamba la nyumbani, akapalilia migomba na kahawa huku mguu unakufa taratibu. Wapo waliosema amerogwa, wapo waliosema ni baridi yabisi. Tulipompeleka hospitali ya KCMC mwaka ule wa kaa la moto, daktari alimsikiliza kwa heshima, akagonga goti, akachoma unyayo kwa sindano, akasema mshipa uliumia zamani sana pale kiunoni. Kisha akauliza kama ipo karatasi yoyote ya wakati ule. Haikuwepo.

Nilipomwambia baba mdogo kwamba alistahili kudai, alikasirika. "Wenzangu wamelala Kaboya, mimi nisimame mbele za watu kulilia mguu?" Naiheshimu kauli hiyo, lakini siikubali. Kudai si kuwavua heshima waliozikwa Kaboya, kwenye makaburi ya mashujaa wa vita ile. Kila tarehe 25 Julai tunawaweka mashujaa mashada, na ni vema. Waliorudi wakichechemea nao walitakiwa waandikwe.

Ninachokitamani kwa nyumbani si dola. Ni askari kupimwa na kuandikwa siku anayoumia na siku anayovua gwanda. Ni jibu la maandishi lenye sababu, na mlango wa kurudi nalo kama halikuridhishi. Ni mtu wa kukaa na mzee asiyejua kujieleza na kumuuliza siku yake mbaya. Kwa wafanyakazi wa kawaida tayari upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya mwaka 2008, kwa hiyo wazo si geni kwetu. Na kwa vijana wanaobeba mizigo mlimani au kupasua mbao: ukianguka leo, andikisha leo. Mshipa wa fahamu hautoi damu, hakuna atakayeuona.

Kitu kimoja huku sikukipata. Nilipokaa miezi ndani, jirani hakugonga mlango. Baba mdogo tangu aungue hajalala usiku hata mmoja bila mtu kumletea uji au mtori. Asilimia 40 hainunui hilo.

Tangu mwaka jana, kila Jumapili anasimulia kwenye simu na mimi naandika. Mwanzoni ilikuwa kwa ajili ya wajukuu tu. Juzi tukafika kwenye lori. Akanyamaza, nikadhani mtandao umekata. Kisha akasema aliyekaa ubavuni mwake siku ile bado yuko hai, anaishi Himo, na hawajawahi kuliongea. Akaniuliza ile karatasi ya mke wangu iliandikwaje. Nikamsomea mistari miwili.

Jumanne asubuhi amepanda daladala ya Himo, na fimbo yake, na daftari la mjukuu.