Eriali Moja, Runinga Nne

Mimi nilichotaka ni kutazama taarifa ya habari ya saa moja jioni, basi, na kwa tamaa hiyo ndogo nimegeuka mtumwa wa nyaya. Nyumbani kwetu Umoja, Nairobi, tuna eriali moja juu ya paa, imeelekezwa Limuru kwenye mitambo ya kurushia matangazo, na runinga nne zinazoitegemea. Mwanzoni nilichomeka splita, kile kidude cha kugawa waya mmoja kuwa kadhaa, kwenye tundu la kutolea picha nyuma ya dikoda, nikajipongeza kwa ubahili wangu. Kumbe dikoda hufungua stesheni moja tu kwa wakati, hivyo vyumba vyote vinne vilitazama tamthilia ileile aliyoichagua mama mkwe, mshika rimoti.

Nikanunua dikoda tatu nyingine, nikahamishia splita upande wa eriali. Hapo ndipo nilipofundishwa hesabu: splita ya njia nne hula takribani desibeli 7, yaani kila chumba hupata chini ya robo ya mawimbi yaliyoingia, na waya mrefu wa kwenda kwa watoto nao hutoza ushuru wake njiani. Kabla ya analogia kuzimwa mwaka 2015, mawimbi yakipungua ulipata chenga, ukatazama mpira kana kwamba unachezwa ndani ya mvua ya mawe, lakini ulitazama. Dijitali haina huruma hiyo. Picha hubaki safi hadi ukomo fulani, kisha msomaji wa habari anakatika vipande vya mraba, mdomo kushoto, tai kulia, halafu skrini inakuarifu kwamba hakuna mawimbi, kana kwamba hujaona.

Fundi alikuja, akacheka kwanza (nadhani kicheko nacho nilikilipia), akafunga busta, yaani kikuza mawimbi, huko juu karibu na eriali, kwa kuwa ikifungwa mwisho wa waya hukuza pia makelele yaliyokwisha kuingia. Picha zikatulia ajabu. Ila busta hiyo hupokea umeme kupitia waya uleule wa eriali, kutoka kwa kifaa kinachochomekwa ukutani, na katika splita yangu ni tundu moja tu linalopitisha umeme. Tundu hilo linaelekea chumbani kwa mama mkwe, na kifaa chenyewe kimechomekwa huko.

Saa moja kasorobo, tamthilia ikiisha, mama mkwe huzima swichi zote ili tokeni za umeme zisiishe, akashika rozari yake. Mkwe hagombezwi. Siku hizi taarifa ya habari naisikiliza kupitia ukuta wa jirani, ambaye ana runinga moja.