Kupasuliwa tumbo ili kupungua, katika umri wa miaka 49

Yaya wangu, yaani dada yangu mkubwa, ana umri wa miaka 49, urefu wa mita 1.62 na uzito wa kilo 112. Ana ugonjwa wa sukari tangu miaka minane iliyopita, ana tansio, yaani shinikizo la damu, na magoti yake yamefika mahali ambapo kutoka nyumbani kwake, hapa Katuba, mjini Lubumbashi, Kongo, hadi kwenye barabara ya magari humlazimu kusimama mara mbili na kushika ukuta. Mwaka huu mtoto wake anayefanya kazi Ubelgiji amejitolea kumlipia upasuaji wa kupunguza tumbo nje ya nchi, naye alinipigia simu mimi kabla ya kumwambia mama yake. "Mama mdogo," aliniambia, "mama anakusikiliza wewe kuliko sisi. Umweleze taratibu." Tangu siku hiyo familia imegawanyika. Kaka yetu anasema kwamba tumbo ambalo Mungu aliliumba likiwa zima halikatwi, wifi yetu anasema aache tu bukari, yaani ugali, na kila mmoja anasema kwa upendo. Mimi naona hakuna kati yao aliyeligusa swali lenyewe.

Kwanza ijulikane upasuaji huu ni wa nani. Madaktari hugawanya uzito wa mtu kwa kilo kwa mraba wa urefu wake kwa mita. Kwa Yaya hesabu hiyo inatoa takriban 42.7. Mwongozo uliowekwa na wataalamu wa Marekani mwaka 1991 uliruhusu upasuaji kuanzia 40, au kuanzia 35 kwa mwenye maradhi yanayoletwa na unene. Mwaka 2022 vyama viwili vya madaktari wa fani hiyo, kimoja cha Marekani na kimoja cha kimataifa, viliteremsha kipimo hadi 35 hata bila maradhi mengine, na vikasema mwenye ugonjwa wa sukari anaweza kufikiriwa kuanzia 30. Kwa vipimo vyote viwili Yaya amo. Anayetaka kupungua ili nguo ya harusi imkae vizuri hamo, na kumnyonya mtu mafuta ya kiuno ni jambo jingine kabisa, ambalo haliondoi sukari wala tansio.

Sasa nimjibu wifi. Ni kweli kwamba sahani zetu ni nzito: bonge la bukari linalojaza viganja viwili, sombe (kisamvu) iliyokolezwa mawese, na soda pembeni, saa mbili usiku, na baada ya hapo ni kulala. Lakini Yaya amejinyima mara tatu nikimwona kwa macho yangu. Mara ya mwisho alishuka kilo 9 kwa miezi mitano, na mwaka uliofuata alipanda kilo 12. Huo si uvivu. Mwili unaopungua huongeza homoni za njaa na hupunguza nguvu unazotumia, kana kwamba umepatwa na ukame na unajihami, na hali hiyo huendelea muda mrefu baada ya kilo kushuka. Tena ile imani ya kwamba ukivuka miaka 40 mwili huanza kuchoma chakula polepole haina msingi kama tunavyodhani: utafiti mkubwa wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba, ukizingatia ukubwa wa mwili, matumizi ya nguvu hubaki karibu sawa kati ya miaka 20 na 60. Kinachobadilika ni misuli kupungua, mwendo kupungua, usingizi kuharibika, na kwa wanawake mafuta kuhamia tumboni hedhi inapokaribia kukoma.

Hata hivyo wifi ana sehemu ya ukweli ambayo wapenda upasuaji huipita haraka mno. Nchini Uingereza, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, watu waliokuwa na ugonjwa wa sukari kwa muda usiozidi miaka 6, na ambao hawakuwa wakitumia insulini, walipewa kwa miezi kadhaa chakula cha kalori zipatazo 850 tu kwa siku, kisha wakarudishiwa chakula cha kawaida hatua kwa hatua chini ya uangalizi. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 46 hawakuwa tena na sukari ya kutibiwa kwa dawa. Kati ya waliopunguza kilo 15 au zaidi, ilikuwa asilimia 86. Kwa hiyo mtu wa miaka 45 aliyegunduliwa sukari mwaka jana ana njia ya kujaribu kwa bidii kabla ya kisu, mradi awe na mtu wa kumfuatilia kila wiki, kwa sababu kalori 850 bila daktari kwa mtu anayemeza vidonge vya sukari ni hatari. Yaya wangu, kwa miaka yake minane, amekwisha kuupita mlango huo, au angalau umebaki wazi kidogo tu.

Tukija kwenye upasuaji wenyewe, njia zinazotumika zaidi ni mbili. Katika ya kwanza hukatwa na kuondolewa karibu asilimia 75 hadi 80 ya tumbo la chakula, ukabaki mrija mwembamba, kilichokatwa hakirudi. Katika ya pili hutengenezwa kifuko kidogo juu ya tumbo, kinachoingiza takriban mililita 30, yaani vijiko viwili vya supu, kisha kifuko hicho huunganishwa na utumbo mwembamba ili chakula kiruke sehemu ya njia yake. Zote mbili hubadilisha pia homoni za njaa na shibe, na ndiyo sababu sukari huanza kushuka hata kabla kilo hazijapungua sana.

Ushahidi unaonigusa zaidi unatoka Sweden, kwa kuwa ulihusu watu wa rika la Yaya hasa. Kuanzia mwaka 1987 madaktari wa huko waliwafuatilia watu 2,010 waliopasuliwa na wengine 2,037 wanaofanana nao waliotibiwa kwa njia za kawaida, wote wakiwa na umri wa miaka 37 hadi 60 walipoanza. Baada ya miaka kumi, waliofanyiwa njia ya kifuko walikuwa bado wamepungua karibu robo ya uzito wao, ilhali wasiopasuliwa walikuwa palepale walipoanzia. Vifo vilikuwa vichache kwa waliopasuliwa. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2020 yalionyesha kwamba waliishi takriban miaka 3 zaidi ya wenzao wasiopasuliwa, lakini bado miaka 5.5 pungufu ya wananchi wa kawaida wa Sweden. Takwimu hiyo ya pili haitajwi na wanaouza safari za upasuaji, nami nimemsomea Yaya zote mbili. Tena watu hao hawakugawanywa kwa kura, na wengi wao walipasuliwa kwa njia ambayo leo karibu imeachwa. Hivyo si kipimo kamili cha kitakachompata mtu wa leo.

Hatari ya siku ya upasuaji ni ndogo kuliko watu wanavyoogopa: kati ya hao wa Sweden, wawili hivi katika kila elfu walifariki ndani ya siku 90, na karibu watatu katika kila mia walirudishwa chumba cha upasuaji. Lakini matokeo mazuri hutoka kwa timu zinazofanya kazi hiyo mara nyingi, na mshono unaweza kuvuja siku kadhaa au hata wiki chache baadaye, wakati ambapo damu nayo huweza kuganda miguuni na kupanda mapafuni. Mtu anayepasuliwa Johannesburg au India na kupanda ndege siku ya tano kurudi Lubumbashi anaileta hatari hiyo mahali ambapo daktari atakayempokea hakuyaona matumbo yake. Kama ni kwenda, ni kukaa huko wiki kadhaa, na gharama ya chumba na chakula cha msindikizaji iingizwe kwenye hesabu tangu mwanzo.

Hata hivyo, kinachonisumbua zaidi ni miaka ishirini inayofuata. Aliyepasuliwa humeza vitamini na madini kila siku hadi mwisho wa maisha yake: chuma, kalsiamu pamoja na vitamini D, vitamini B12 na nyinginezo. Hupimwa damu mara kadhaa katika mwaka wa kwanza, kisha kila mwaka. Mwanamke ambaye bado anaona hedhi hupoteza chuma kila mwezi, na kwetu malaria nayo hula damu. Akiacha vidonge kwa sababu fedha zimekwisha, atapungukiwa damu taratibu bila kelele. Mifupa nayo, ambayo kwa mwanamke anayekaribia miaka 50 inaanza kudhoofika yenyewe, hudhoofika zaidi, na hatari ya kuvunjika huongezeka hasa baada ya njia ya kifuko. Mtoto aliye Ubelgiji amesema atalipa upasuaji. Sijamsikia akisema nani atalipa vidonge mwaka 2040.

Kuna mambo mengine ambayo hayaandikwi kwenye karatasi za hospitali za mbali kwa sababu huko hayatokei hivyo. Yaya, kama wengi wetu, magoti yakimuuma hununua diklofenaki katika famasi ya kona bila karatasi ya daktari. Baada ya kutengenezewa kifuko, diklofenaki na ibuprofeni huweza kumchimbia kidonda pale tumbo lilipounganishwa na utumbo, na kidonda hicho huweza kutoa damu au kutoboka. Jingine ni kubwa zaidi. Mtu aliyepasuliwa akitapika kwa wiki kadhaa, vitamini B1 humwishia upesi; huanza kuyumba, macho hucheza, akili huchanganyika. Kwetu mtu anayetapika na kuyumba atadhaniwa kwanza ana malaria, na mara nyingi atatundikiwa seramu (dripu) ya sukari. Sukari hiyo, ikitangulia kabla ya vitamini B1, inaweza kuuharibu ubongo zaidi. Mgonjwa wa namna hiyo anapaswa kuwa na karatasi mfukoni, kwa Kifaransa kilicho wazi, inayosema amefanyiwa nini na apewe nini kwanza, na watu wa nyumbani wajue karatasi ilipo. Hata dawa zake za sukari na tansio lazima zipunguzwe mapema, la sivyo zilezile zilizokuwa zikimponya zitamwangusha.

Wengine huuliza kuhusu sindano mpya za kupunguza uzito, nami nazichukulia kwa uzito. Semaglutaidi, katika utafiti uliotolewa mwaka 2021, ilipunguza uzito kwa karibu asilimia 15 ndani ya wiki 68. Tirizepataidi, mwaka uliofuata, ilifika karibu asilimia 21 kwa kipimo cha juu. Hakuna kisu hapo, na mtu akidhurika anaweza kuacha. Lakini waliofuatiliwa baada ya kuacha semaglutaidi walirudisha theluthi mbili ya kilo walizopoteza ndani ya mwaka mmoja, maana yake ni dawa ya kudumu, na kabla ya kuanza kutumika sindano hizo huhifadhiwa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Katika mtaa ambao umeme hukatika usiku kucha, na kwa familia inayolipa matibabu kutoka mfukoni mwake, hilo si jambo dogo. Kwa mwenye kipato cha kila mwezi na friji ya kuaminika, ningeanza na sindano. Kwa anayepewa fedha mara moja tu na mtoto wake, hesabu inageuka, kwa sharti kwamba fedha hiyohiyo itengwe pia kwa ajili ya vidonge na vipimo.

Kaka yetu nimemjibu kwa kifupi: mwaka juzi yeye mwenyewe alipasuliwa henia, na hakuna aliyemwambia amemkosea Muumba. Lakini nyuma ya neno lake kuna hofu ya kweli. Kwetu mama mnene huonekana ametunzwa, na anayekonda ghafla husemwa ana ukimwi au amelogwa. Yaya akipoteza kilo 30 kwa mwaka, watasema. Na kwenye kilio, akila matonge matatu na kusukuma sahani, wenye chakula wataona amewadharau. Nimemwona tayari akilifikiria hilo kuliko anavyofikiria kisu.

Uamuzi wangu, kwa kuwa ameniomba nisimfiche, ni huu. Kwa ugonjwa wake na umri wake upasuaji una haki ya kufikiriwa, na kuahirisha nako kuna bei, kwa maana kila mwaka wa sukari isiyotulia huharibu figo na macho, na kadiri ugonjwa unavyozeeka ndivyo nafasi ya kuuondoa inavyopungua. Lakini asikate tikiti kabla hajampata hapa Lubumbashi daktari mmoja atakayekubali kumfuata, na maabara itakayompima chuma na B12 bila kusubiri miezi. Asipovipata hivyo, ningemshauri abaki na dawa zake, ajaribu sindano ikiwezekana, na asione aibu.

Jumamosi iliyopita nilimkuta mezani na daftari la mtoto wa shule, amechora mistari miwili: upande mmoja nauli, hospitali na chumba, upande wa pili vidonge, vipimo na usafiri wa kwenda kwa daktari, mara kumi na mbili, mara miaka ishirini. Upande wa pili ulikuwa umeupita wa kwanza. Alinitazama, akaniomba nimpigie simu mtoto aliye Ubelgiji, kisha akachukua simu mwenyewe na kuanza kumsomea upande ule wa pili, mstari kwa mstari.